Ofisi Yetu Inajuta Kukujulisha

Katika ofisi yetu ya maji alikuwapo mwanamke mmoja tuliyemwita Mama Nukta. Jina hilo alilipata enzi za mashine za chapa, maana kila alipofika mwisho wa sentensi alikipiga kitufe cha nukta kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Ukiishika barua yake ukaielekeza dirishani, mwanga ulipenya kwenye vitundu kama vya chujio. Kompyuta zilipoletwa vitundu vikaisha, jina likabaki, na ile nguvu ya kidole ikahamia kwenye kibodi. Alimaliza vibodi viwili kila mwaka, na vyote vilikufa kwa ugonjwa mmoja.

Mimi nilikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha kutunzia faili, kilichokuwa nyuma ya ngazi pale ambapo jengo lingine lingeweka mafagio. Mambo haya yalipotokea nilikuwa nimefanya kazi na Mama Nukta miaka kumi na tisa. Ninayoyasimulia mengine niliyaona, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, tulipokuja kukaa chumba kimoja.

Alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alichapa barua za kuwajibu watu walioomba kuunganishiwa bomba la maji majumbani. Mchana alikaa kaunta na kuwaeleza watu haohao barua zile zilisema nini. Maelezo yalihitajika kwa sababu barua zilikuwa za Kiingereza. Aliyeomba aliomba kwa Kiswahili, aliyemjibu alikuwa akifikiri kwa Kiswahili, na aliyechapa aliota ndoto zake zote kwa Kiswahili, lakini jibu lilitoka kwa Kiingereza. Ukiuliza kwa nini, mkuu wetu wa kitengo alikwambia ndio utaratibu. Mkuu huyo tulimwita Bwana Utaratibu, ila si mbele yake.

Barua yenyewe ilikuwa na sentensi moja: "We regret to inform you that your application cannot be considered at this time." Chini yake sahihi ya wino wa kijani. Jina la mwombaji lilibadilika, tarehe ikabadilika, sentensi ilikuwa ileile.

Mama Nukta alikuwa na elimu ya msingi na kozi ya uchapaji ya miezi sita. Kiingereza alikijua kwa vidole. Angeweza kukuchapia barua ndefu bila kosa hata moja, halafu ukimuuliza inahusu nini akakwambia ni ya kurasa mbili kasoro. Lakini hakuwa mvivu wa kuuliza. Wiki yake ya kwanza kazini alimfuata Bwana Utaratibu mlangoni, wakati mkuu akivaa koti aende kwenye mkutano.

"Mkuu, samahani. Hili neno 'regret' maana yake nini? Watu wananiuliza kaunta."

"Ni neno la adabu," Bwana Utaratibu alisema huku akitafuta mkono wa pili wa koti. "Sema kama 'tunapenda'. Tunapenda kukujulisha."

"Kwa hiyo ni kupenda?"

"Kupenda kwa kiofisi."

Mkuu akaenda zake mkutanoni. Mama Nukta akarudi mezani, akaliandika neno kwenye daftari lake dogo, mbele yake akaandika: kupenda, kufurahi (adabu). Tangu siku hiyo kila aliyeleta barua kaunta alijibiwa kwa tabasamu: "Imesema wanapenda kukujulisha kwamba ombi lako si kwa wakati huu. Wewe subiri tu." Mtu alikunja barua yake vizuri akaondoka kifua mbele. Wengine walishukuru. Mzee mmoja aliomba amwone huyo anayempenda hivyo, ampe mkono.

Utauliza kama hakukuwa na mtu aliyejua Kiingereza. Walikuwapo. Waliokijua hawakuja kaunta. Walimpigia simu mtu wanayemjua ghorofa ya juu, na ndani ya wiki mbili bomba lilikuwa uani kwao. Wenye watoto wa shule waliwapa watoto wasome. Mtoto akasoma mpaka "at this time", akasema hapa wanasema wakati huu, akakimbilia kucheza. Bwana Utaratibu alikuwa akisema hadharani kwamba hakuna kaunta tulivu kama yetu katika idara nzima, na kila mwisho wa mwaka Mama Nukta alipewa cheti cha mfanyakazi mwenye lugha nzuri kwa wateja.

Mtu akipata neno zuri hawezi kuliacha kazini. Mdogo wake Mama Nukta alipoolewa, familia ilimkabidhi yeye kazi ya kadi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kompyuta na Kiingereza. Kadi zilikuwa mia mbili, zenye maua ya dhahabu pembeni, na katikati ziliandikwa kwamba familia "regrets to invite you" kwenye harusi ya binti yao mpendwa. Mimi yangu niliiweka juu ya televisheni, ikakaa pale mwaka mzima. Aliyeshtuka ni mmoja tu, mjomba wa bwana harusi, daktari wa mifugo aliyesomea ng'ambo. Alifika ukumbini na sura ya msibani, akamvuta pembeni baba wa bibi harusi na kumuuliza kwa sauti ya chini kuna tatizo gani. Baba mtu akajibu tatizo lililopo ni viti, vimechelewa.

Mhasibu wetu alipostaafu, Mama Nukta ndiye aliyechagua maneno ya kuchongwa kwenye kibao. Kibao kilisema wafanyakazi wote "regret working with you". Mhasibu alitokwa na machozi. Kibao akakitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya marehemu mama yake, na mpaka leo wageni hukisoma.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka astaafu naye, kama makao makuu yasingeleta waraka. Waraka ulisema wachapaji wote watafanya mtihani wa Kiingereza cha ofisi, na atakayefeli hatapandishwa daraja. Mama Nukta aliusoma akahisi keshamwaga unga. Alipofika nyumbani alimweleza mumewe, ambaye alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba.

"Miaka yote hiyo unachapa Kiingereza," mume alisema, "ndio kwanza leo wanataka ukijue?"

"Ndio hivyo."

"Mimi wangenipa mtihani wa mbao ningeenda kuwauliza huko nyuma walidhani nafanya nini."

Hata hivyo mume ndiye aliyemtafutia mwalimu. Alikuwa mwanamke mstaafu aliyefundisha watu wazima kila Jumamosi asubuhi, katika darasa la shule ya msingi alilopewa bure. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka saba. Watu wazima walikaa magoti yakigusa kidevu, na ukitaka kunyoosha mkono ilibidi kwanza uunyooshe mguu. Mwalimu alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi, alizungumza taratibu, na hakuwahi kumcheka mwanafunzi hata siku moja. Mama Nukta aliniambia afadhali angecheka.

Jumamosi ya tatu somo lilikuwa vitenzi. Mwalimu alimtaka kila mtu achague kitenzi anachokutana nacho kazini, akitungie sentensi tatu. Mlinzi wa hoteli aliyekaa dawati la mbele aliandika kwamba anafungua geti, anafunga geti, na analala geti. Mama Nukta hakuhangaika kutafuta. Alikuwa na kitenzi chake, akakiandikia kwa mwandiko wa duara:

"I regret my husband. I regret my children very much. I regret to work in the water office."

Mwalimu alisoma daftari lile akiwa amesimama. Akarudia. Kisha akavua miwani na kujibanza kwenye dawati kando yake.

"Mama, nyumbani kuna amani?"

"Ipo, mwalimu."

"Mumeo hakunyanyasi?"

"Hapana. Ni mtu mzuri kabisa. Ndio maana nimemwandika."

"Na watoto?"

"Wananisikiliza, namshukuru Mungu."

"Basi unajutia nini?"

"Sijutii kitu," Mama Nukta alisema. "Nimeandika nawapenda."

Mwalimu alivaa tena miwani. Aliinuka akaenda ubaoni, akaandika sentensi mbili, moja chini ya nyingine. Ya kwanza: "I regret coming here." Ya pili: "I regret to tell you."

"Kitenzi hiki kina maana ya kujuta," alisema, akiwaambia wote ili asimwaibishe mmoja. "Lakini angalieni kinachokifuata. Hapa juu, 'regret coming', mtu anatazama nyuma. Keshafanya jambo na sasa linamuuma, anatamani asingelifanya. Hapa chini, 'regret to tell', anatazama mbele. Hajafanya kitu bado. Yuko karibu kukupa habari mbaya, na anainamisha kichwa kidogo kabla hajakupa."

"Habari mbaya tu?" Mama Nukta aliuliza.

"Mbaya tu. Hakuna mtu anayejuta kukwambia umeshinda."

Mlinzi wa hoteli akasema kwao kuna kibao kando ya bwawa la kuogelea kinachojuta kwamba bwawa limefungwa, na kimejuta tangu yeye aajiriwe. Watu wakacheka. Mama Nukta hakucheka.

"Na anayeandika hii ya chini, mwalimu, anajuta kweli?"

Mwalimu alifikiri. "Akiwa ni mtu, huenda. Ofisi sijawahi kuona ikijuta. Mimi nadhani ofisi hutumia hii ya chini ili isifike kwenye ya juu."

Baada ya somo Mama Nukta alibaki. Alitoa mkobani barua moja iliyoharibika chapa, akaomba asomewe yote kwa Kiswahili. Mwalimu akamsomea: tunajuta kukujulisha kwamba ombi lako haliwezi kufikiriwa kwa wakati huu.

"Kwa wakati huu," Mama Nukta alisema, akishikilia kipande hicho. "Kwa hiyo baadaye linaweza."

"Wametaja lini?"

"Hawajataja."

"Basi, mwanangu, wamekataa. Nani alikwambia kwamba neno hili ni kupenda?"

"Mkuu wangu wa kazi."

"Mkuu wako ama hajui kitu, ama anajua sana," mwalimu alisema, akachukua kifutio akaanza kufuta ubao.

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe akipiga randa ubao wa mlango. Akamsimulia yote. Mume alisimamisha randa.

"Kwa hiyo mbele ya darasa zima umenijutia mimi?"

Alitaka kumtania, lakini aliona mkewe amekaa juu ya mbao ameshika tama, akaacha. Mama Nukta hakuwa akifikiria kadi za harusi. Alikuwa akimfikiria fundi viatu.

Fundi viatu alikaa nje ya geti la ofisi yetu, kwenye kigoda, chini ya mwavuli uliobaki mbavu tano. Wote alitushonea. Miaka sita nyuma alikuwa ameomba maji nyumbani kwake, akapata ile barua, akaileta kaunta. Mama Nukta akamwambia wanapenda kukujulisha, subiri tu. Fundi viatu ni mtu wa kujiandaa. Barua aliitia kwenye fremu, na siku za mapumziko alichimba mtaro kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani lilikopita bomba kuu, ili mafundi wa ofisi wakija wasipate kisingizio. Kila msimu wa mvua mtaro ulijaa udongo, na kila mvua ikikatika aliuchimba upya. Mkewe aliuruka mara kumi kwa siku akiwa na ndoo. Siku moja hakuuruka vizuri, akavunjika mkono. Fundi viatu alipotuhadithia tulimpa pole, tukamwambia asikate tamaa.

Jumatatu Mama Nukta hakupita getini moja kwa moja. Alikaa kwenye kibenchi cha wateja wa fundi viatu. Fundi viatu akamtazama miguuni.

"Kimekatika wapi, dada?"

"Viatu vizima. Nimekuja kwa ajili ya ile barua yako ya maji."

"Wamesema wanakuja?"

"Hawaji. Ile barua ilikuwa ya kukukatalia. Ilikukatalia tangu siku ileile."

Fundi viatu aliendelea kuvuta uzi mpaka ukaisha, akafunga fundo, akakata kwa meno. "Wewe ulinisomea wanapenda."

"Niliambiwa hivyo. Sikujua."

"Miaka sita."

"Sikujua, kaka."

"Mimi sijui Kiingereza," fundi viatu alisema, "lakini mimi nipo hapa nje na kigoda. Wewe umewekwa pale ndani, una kiti cha kuzunguka. Uliwekwa pale kwa sababu ya kutojua?"

Hakupandisha sauti. Mama Nukta aliniambia aliondoka pale, akapanda ngazi, akaingia kwa Bwana Utaratibu bila kubisha hodi.

Bwana Utaratibu alikuwa akisaini, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Alipokata simu Mama Nukta alimuuliza swali lile la miaka kumi na tisa: neno hili maana yake nini.

"Leo umeamkia upande gani, mama?"

"Nimeambiwa ni kujuta."

"Ndiyo. Kujuta, kusikitika, ni yaleyale."

"Wewe uliniambia ni kupenda."

Bwana Utaratibu alifungua mikono kama mtu anayeonyesha hana silaha. "Nilikwambia hivyo kazi iende. Ungewaambia watu tumewakatalia, wangeuliza sababu. Ukiwaambia wasubiri, wanasubiri. Umeona watu wetu walivyo wasikivu."

"Na sababu ni ipi?"

"Ya nini?"

"Ya kuwakatalia."

"Mama," alisema kwa upole, "ndio utaratibu. Nenda ukachape."

Alikwenda, lakini hakuchapa. Mchana alikaa kaunta, na wa kwanza alikuwa mwanamama mwenye barua mkononi. Mama Nukta aliisoma akamwambia: "Wamekukatalia." Mwanamama akauliza kwa nini. Mama Nukta akasema hajui, atauliza. Wa pili akakataliwa, naye akauliza kwa nini. Ilipofika saa nane, kaunta iliyosifiwa kwa utulivu idara nzima ilikuwa na watu thelathini waliokuwa wakiuliza swali moja, na wawili kati yao walikuwa wamekaa juu ya kaunta.

Ndipo aliposhuka kwangu masjala. Hakuwahi kuingia humo. Alisimama mlangoni akizungusha macho.

"Naomba faili la fundi viatu. Nataka kuona walivyoandika sababu."

Nilikuwa nimelingoja swali hilo kwa miaka mingi na kuomba lisije. Nilimpeleka nyuma ya kabati la mwisho, kwenye magunia. Tulikuwa na magunia kumi na moja. Ndani yake mlikuwa na maombi ya watu, yakiwa bado ndani ya bahasha, nyingi hazijafunguliwa. Ofisi ilichukua jina na anwani kwenye daftari la mapokezi, ikachapa jibu, na bahasha zikashuka kwangu.

"Nani huwa anayasoma?" aliuliza.

"Hakuna."

"Na wewe ulijua?"

"Kazi yangu ni kuyapanga," nilisema. Sikuona haya kusema hivyo wakati ule. Niliona ni jibu la mtu anayejua mipaka yake. Yeye alinitazama kidogo, kisha akaangalia magunia, ambayo kusema kweli hayakuwa hata yamepangwa.

Alipanda juu akakaa mezani kwake, na siku hiyo nilisikia kibodi kutoka huku chini. Alichapa barua arobaini, za wale wa kaunta na za majina mengine ya kwenye magunia, likiwamo la fundi viatu. Zilikuwa za Kiswahili, na kila moja ilikuwa na sentensi moja, kama kawaida ya ofisi: "Tunakujulisha kwamba ombi lako la maji halijasomwa na mtu yeyote." Chini yake jina na cheo cha Bwana Utaratibu, na nafasi ya sahihi. Akazitia kwenye jalada la kusainiwa, akalipeleka.

Bwana Utaratibu alikuwa kwenye simu. Alisaini zote arobaini kwa wino wake wa kijani, akigeuza karatasi kwa kidole cha mwisho, huku akimweleza mtu wa upande wa pili jinsi ilivyo vigumu siku hizi kupata watumishi makini. Barua zikagongwa mhuri zikaondoka na posta ya saa kumi.

Fundi viatu aliipata ya kwake Alhamisi. Hakuileta kaunta. Alifunga mwavuli, akapanda gari mpaka makao makuu, akakaa kwenye korido kutwa nzima na barua mbili kifuani, ile ya fremu na hii mpya, mpaka mkurugenzi alipotoka kwenda kula akamkuta amemzibia njia. Wengine thelathini na nane walikwenda kwa diwani, na mmoja alikwenda redioni, ambako mtangazaji aliisoma barua hewani mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hakuamini.

Jumatatu iliyofuata alikuja mkaguzi. Sote tulijua Mama Nukta kwisha habari yake. Bwana Utaratibu alimwita mbele ya mkaguzi, akamuuliza nani alimruhusu kuandika maneno yale.

"Nilileta kwako, mkuu, ukasaini," alisema Mama Nukta. "Nilidhani umesoma."

Mkaguzi alimgeukia Bwana Utaratibu, kalamu ikiwa juu ya daftari. Hapo mkuu alikuwa na njia mbili tu: kusema amesaini barua arobaini bila kuzisoma, au kusema alizisoma. Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili nililojitia kulileta, na niliona uso wake ukichagua.

"Bila shaka nilizisoma," alisema. "Ni sera yangu ya uwazi. Tumeamua kuwaambia wananchi ukweli."

Mkaguzi aliandika. Akaandika ukurasa mzima. Miezi miwili baadaye Bwana Utaratibu alipandishwa cheo kwenda makao makuu, kuongoza kitengo kipya cha uwazi, na tukamfanyia sherehe ya kumuaga. Alihutubia kwa saa nzima kuhusu ujasiri. Kabla ya kuondoka alihakikisha kwamba Mama Nukta amehamishiwa masjala, kutokana na uzoefu wake wa nyaraka. Barua ya uhamisho aliichapa mwenyewe Mama Nukta kutoka kwenye rasimu ya mkuu. Ilianza kwa "We regret". Alimrudishia akamuuliza kama anajuta kwa kutazama mbele au nyuma. Bwana Utaratibu akamwambia achape ilivyo. Safari hii aliisoma kabla ya kusaini, nikaambiwa, mara mbili.

Hivyo ndivyo tulivyokuja kukaa chumba kimoja. Amri ilitoka juu kwamba maombi yote yasomwe, na kwa kuwa hakuna aliyetaka, tukasoma sisi. Ilituchukua miezi saba. Mama Nukta alisoma kwa sauti, mimi nikaandika kwenye daftari: huyu bomba liko mbali, huyu amesahau namba ya kiwanja, huyu amefariki. Waliofariki hatukujua tuwaweke gunia gani. Ombi la fundi viatu lilikuwa kwenye gunia la nne na halikuwa na kasoro yoyote. Bomba kuu lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwake, na alikuwa amezipima mwenyewe akachora na ramani. Aliunganishiwa kabla mwaka haujaisha. Maji hutoka siku mbili kwa wiki.

Mtihani wa Kiingereza Mama Nukta aliufanya, maana waraka ulikuwa bado haujafutwa. Swali la mwisho lilitaka mtahiniwa aandike barua ya kumkatalia mwombaji kazi. Alimweleza mwombaji sababu, akamwonyesha alichopungukiwa, akamtajia mwezi wa kujaribu tena. Karatasi ilirudi na alama nyekundu: barua haina lugha ya kiofisi. Alifeli kwa alama tatu. Mwalimu wake alipoiona ile karatasi aliomba abaki nayo, aitumie kufundishia.

Mimi na yeye bado tupo hapa nyuma ya ngazi. Ni mwenzangu mzuri, isipokuwa hanisamehei ile kauli yangu ya kupanga, na mara mbili tatu kwa mwezi hunikumbusha mbele ya watu. Kwa fundi viatu hapeleki tena viatu vibovu. Wanasalimiana, yeye humuuliza mkono wa mkewe unaendeleaje, fundi husema unauma kukiwa na baridi. Kisha Mama Nukta huvuka barabara, na kiatu chake kwenye mfuko, kwenda kwa fundi mwingine ambaye hashoni vizuri.